Kubakiza Tonge

Dukani, Februari 4, 2016

Kwa dada yangu Chizuru,

Theluji imefika usawa wa dirisha la jikoni na koleo la nyumba hii ni mimi. U hali gani? Sisi huku hatujambo. Baba hajambo, paka hajambo, hofu ni kwako tu uliye hospitali.

Haya, salamu zimekwisha, tuongee. Wamekuchukulia simu wodini, kwa hiyo mimi Teppei, niliyeacha shule nikiwa na miaka kumi na sita kwa furaha ya walimu wote, nimeshika kalamu. Itunze barua hii. Siku moja watu watalipa kiingilio kuiona.

Mtaa mzima bado unayazungumza makandili yako ya sikukuu. Mara mia baba amesema tusiyataje, ndiyo maana nayataja. Kila mwaka nyumba yetu huandika majina ya wachangiaji wa hekalu kwenye makandili ya karatasi. Mwaka jana wewe hukulala, hukula, ukaandika yote peke yako, ila mahali pa majina ukaandika tabia zao. La daktari wa meno Kajitani: “Anamwogopa Mkewe.” La mwenyekiti wa mtaa: “Shingo Laini Mbele ya Wakubwa.” Baba alipanda ngazi kuyashusha, mimi nikaishika ngazi huku nacheka mpaka ngazi nayo ikacheka, na baba karibu aje chini kabla ya makandili.

Na mkono wako, dada! Hujawahi kuandika vile. Kajitani mwenyewe alisema, “Limenitukana, lakini jamani, tazama mstari huo.” Kalificha kabatini. Mkewe hajui.

Ila zile wiki za baadaye, ulipogeukia ukuta na hata kunyanyua vijiti vya kulia ikawa kazi, hapo sikucheka. Nasema hilo mara moja, halafu naendelea.

Theluji inaniita. Nijibu.

Mdogo wako mzuri wa sura,
Teppei

*

Hospitali, Februari 19

Mdogo wangu Teppei,

Huku theluji inaondolewa na mashine, kwa hiyo hatuioni ikizeeka. Nashukuru kwa barua. Mimi sijambo. Msalimie baba, mwambie nakula.

Wananipa lithiamu. Ni chumvi ya mawe, wanasema, na inafanya kazi yake: nalala usiku, naamka asubuhi, sina neno na mtu. Nakunywa maji kama samaki. Mkono wa kulia unatetemeka. Si sana. Chai haimwagiki nikijaza nusu kikombe.

Kuna daktari kijana, Minegishi, mwanamke, soksi zake hazifanani. Anatafuta namna ya kupima ubora wa maisha ya watu wenye ugonjwa wetu, huu wa kupanda na kushuka, baipola. Anasema miaka yote walipima ugonjwa peke yake: umelala, umelia, umegawa vitu vya watu? Yakipungua hayo, wakaandika kwamba umepona. Sasa anataka kujua kama mtu aliyepona hivyo anaishi. Ametengeneza dodoso. Kila swali lina visanduku vitano, kuanzia mbaya kabisa mpaka nzuri kabisa. Usingizi, kazi, nyumbani, kujiheshimu, marafiki, kucheka.

Nimeweka alama katikati, kote. Alitazama karatasi, akasema, “Uko imara, dada Chizuru.” Nikamshukuru.

Nakutumia nakala tupu upate kuchezea. Usitume peremende, wanazikagua moja moja na huo ni ukatili kwa wauguzi.

Dada yako,
Chizuru

*

Dukani, Machi 6

Dada mpendwa wa katikati,

Matone yanadondoka kwenye kingo za paa, na paka ameanza kunuka mapenzi. Hujambo? Sisi hatujambo. Kaa chini, maana mdogo wako amefanya uvumbuzi wa kisayansi.

Nililipeleka dodoso lako kwenye bafu la mtaa, siku ile wazee wote wanaloweka mifupa. Nikamwanza Kajitani.

“Wiki iliyopita umeridhika kiasi gani na mambo ya nyumbani?”

“Katikati.”

“Mkeo si yuko kwa mama yake tangu alipolikuta kandili kabatini?”

“Ndiyo. Sasa unataka niseme nini mbele za watu, nikiwa uchi? Katikati. Nipe sabuni.”

Muuza samaki aliyevunjika mguu: katikati. Mwenyekiti, ambaye mwanawe ameingia chuo kikuu na ametutangazia mara saba: katikati, huku meno yote yako nje. Nikamfuata baba, alikuwa amezama maji mpaka kidevuni.

“Baba, umeridhika kiasi gani na watoto wako?”

Akafikiri. “Katikati.”

“Mmoja yuko hospitali, baba.”

“Na mwingine ni wewe,” akasema, akafumba macho.

Umeona? Watu wetu ukiwauliza wanajificha katikati kama paka chini ya meza yenye jiko la kuota moto. Ukisema nzuri, unajivuna. Ukisema mbaya, unamsumbua aliyekuuliza, itabidi akuletee supu. Sasa yule Minegishi ameipeleka rula yake kwa watu ambao wote hukunja mgongo ili walingane. Mwambie aniajiri. Soksi nitamnunulia.

Swali langu mimi ni moja tu, na nimeliiba mezani kwa baba. Unakumbuka alivyotufundisha: anayetaka wali zaidi habwati “niongeze.” Anabakiza tonge moja chini ya bakuli, na mpakuaji akiliona anaelewa. Aliyetosheka anamaliza mpaka punje ya mwisho, analaza vijiti. Basi: hiyo wiki yako iliyopita ingekuwa bakuli, je, ulibakiza tonge ili upakuliwe nyingine?

Usiniambie tena hujambo. Hata mimi nakuandikia hatujambo na baba ana kikohozi tangu mwaka mpya. Nijibu la bakuli.

Profesa wa bafuni,
mdogo wako Teppei

*

Nyumba ya pamoja, Aprili 12

Teppei,

Mvua imeangusha maua yote ya kando ya mto, na wale waliokuwa wakinywa chini ya miti wamehamia kwenye maegesho ya magari na wanaendelea kuyasifu. Pole kwa kikohozi cha baba. Mpe tangawizi, asikudanganye kwamba ameinywa.

Nimetoka wodini. Nakaa nyumba ya pamoja nyuma ya kliniki, asubuhi nafua mashuka ya hospitali pamoja na wenzangu. Chumba kina dirisha. Kila mtu ameridhika nami.

Umeuliza la bakuli. Bakuli ni safi, vijiti nimevilaza. Usishtuke. Sina mpango wa kujidhuru, Minegishi huniuliza kila mara na jibu langu ni la kweli. Ni kwamba tu wiki ikiisha sioni sababu ya kuinua mkono niletewe nyingine. Wiki ilikuwa safi, nayo imekwisha.

Ni mkono. Hapa kila mtu huandika jina lake kwenye kibandiko cha kabati la viatu. Niliandika langu. Mwanamke wa chumba cha pili, anayeniheshimu, aliuliza kama nimeandika nikiwa kwenye basi. Mimi, Teppei, niliyeandika kandili la lango la hekalu baada ya mama kufa.

Na mwaka huu kandili kubwa la lango linavishwa karatasi mpya. Macho ya baba hayaoni tena ukingo wa herufi. Nimefikiri sana, na kwa utulivu, hilo ulijue. Nikiiacha dawa kwa muda mfupi mkono utatulia. Nitaandika lango, kisha nitairudia. Nitumie brashi ya mama, ile kubwa ya nywele za farasi, nianze mazoezi. Baba asijue.

Dada yako,
Chizuru

*

Dukani, Aprili 20

Dada,

Mashamba yameshajaa maji na vyura wanafanya mkutano. Hujambo sitakuuliza.

Ndani ya kifurushi utaikuta brashi. Ni ya choo. Ni mpya, nimekuchagulia rangi ya waridi. Ile ya mama imo sandukuni na juu ya sanduku nimekaa mimi, na unajua nilivyonenepa wakati wa theluji.

Sikiliza. Mimi ndiye shabiki wako namba moja. Kule kucheka ngazini sikujifanya. Lakini “kwa muda mfupi” naijua. Mwaka jana pia ulianza kwa kusema unakesha kwa muda mfupi, makandili yaishe. Na baadaye, kule kwenye ukuta wa bahari, ukiwa umekaa na viatu umevipanga pembeni yako kama mtu asiyevihitaji tena, aliyekuja kuvibeba viatu hivyo nilikuwa mimi. Vilikuwa na barafu ndani. Tulipokuwa tunarudi, ukaniuliza kama nimekula.

Kwa nini hujamwambia Minegishi kuhusu mkono? Ulimwandikia “katikati” kwenye kazi, “katikati” kwenye kujiheshimu. Yeye atajuaje, kwa kunusa? Mwambie bakuli ni safi. Mwambie neno hilohilo, uone kama soksi zake hazitafanana ghafla.

Nikikosea niite mpumbavu, nimezoea, nina vyeti.

Mdogo wako juu ya sanduku,
Teppei

*

Dukani, Mei 30

Dada,

Mvua za Juni zinakaribia, gundi haikauki, karatasi inalegea kama uso wa mwenyekiti. Hii ni barua ya tatu tangu ile brashi. Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi. Huko nyumba yenu ya pamoja anapokea simu mwanamke, anasema uko vizuri sana, uko na furaha, unaimba ukifua. Sikupenda alivyosema “sana.”

Teppei

*

Dukani, Juni 25

Niite mpumbavu, hata kwa kadi ya posta. Neno moja. Stempu nimekuwekea.

T.

*

Hospitali, Julai 18

Mdogo wangu Teppei,

Joto limeanza, na nyenje wameushika mti wa uani wa hospitali kana kwamba wanaulipia kodi. Natumai kikohozi cha baba kimekwisha. Nimerudi wodini, lakini natoka Jumatatu, kwa hiyo usije.

Nakueleza kwa mpangilio. Nilinunua brashi dukani na dawa nikaiacha. Mkono ulitulia. Teppei, ulitulia kama maji ya bakuli. Niliandika karatasi zote nilizokuwa nazo, kisha mashuka mawili ya hospitali, kisha ukuta wa ukumbi, na wenzangu walipiga makofi. Nilikuwa na furaha kuliko mtu yeyote mjini. Barua zako nilizipata. Niliona zinaandikwa na mtu anayekwenda polepole mno, nikaziweka nitakuja kuzijibu zote kwa pamoja, kwa mashairi.

Swali lako ndilo lililonikwamisha. Asubuhi moja mezani mpishi alinipakulia wali, nami nikamrudishia bakuli anijaze, naye akasema, “Lakini hujala.” Nikatazama. Wali ulikuwa umejaa mpaka juu. Nilikuwa naomba la pili kabla ya kulionja la kwanza. Nikahesabu nyuma: wiki zote zile nilinyoosha mkono niletewe nyingine, na hakuna hata moja niliyoila. Siikumbuki ladha ya Mei.

Nilikwenda kliniki kwa miguu yangu mwenyewe. Siwezi kukuambia jinsi ilivyokuwa vigumu, nilikuwa na mambo mengi ya kufanya. Minegishi akatoa dodoso. Nikamwambia aliweke. Nikamweleza bakuli safi la Aprili, na bakuli lililofurika la Juni, na kwamba lile la kwanza alilipa alama nzuri. Kisha akauliza, “Kwa nini hukuniambia kuhusu mkono?” Nikasema, “Ulikuwa umefurahi.”

Sasa dawa imerudi, kwa kipimo kidogo zaidi, na wananipima damu. Pia kuna kidonge cha kutuliza mkono. Kimesaidia. Hakijamaliza. Anasema huenda kisimalize kamwe.

Amelipenda swali lako, lakini hawezi kulitumia. Ana wenzake wa nchi nyingine, na kwao anayebakiza wali anamtukana mpishi.

Lango sitaandika. Mwambie baba amtafute mtu mwingine.

Brashi ya choo naitumia. Ni nzuri.

Dada yako,
Chizuru

*

Dukani, Agosti 9

Dada uliye hai,

Joto la huku linayeyusha akili, ila mimi sina wasiwasi, nilijiandaa mapema kwa kutokuwa nayo. Baba hajambo kweli, kikohozi kimekwisha, tangawizi alikuwa anaimwagia maua na maua yamekufa.

Kwanza pongezi kwangu. Swali langu limekataliwa na mataifa. Ni wavumbuzi wangapi wa bafuni wanaweza kusema hivyo?

Pili, nilimwambia baba uliyosema kuhusu lango. Akaendelea kupaka gundi. Jana mwenyekiti akaja na kijitabu cha picha. Kuna kiwanda kinachapa makandili ya plastiki, hayararuliwi na mvua, maandishi yamenyooka kama reli. Baba alikuwa anafunga mianzi.

“Nyumba hii ina mwandishi,” akasema.

“Tunajua, mzee Kuwahara, na tunamwombea. Lakini wanasema mkono wake unatetemeka.”

Baba akakaza uzi kwa meno. “Na kandili je? Umewahi kuliona limetulia?”

Mwenyekiti akasifu chai. Hatukuwa tumempa chai.

Baada ya hapo baba akaenda kwenye sanduku, akaniambia nishuke. Brashi ya mama ameiosha na kuianika. Mimi nimekunja mbavu za kandili zima kwa mikono yangu hii, ni kazi bora kuliko zote zilizowahi kufanywa pwani hii, baba amesema “inapita.” Karatasi imeshabandikwa. Haina neno lolote. Inakaa katikati ya duka kama mgeni aliyekuja mapema.

Njoo nao huo mkono-tetemeko wako. Wakikucheka, ninajua ya kila mmoja, wewe mwenyewe ndiye uliyeniandikia kwenye makandili.

Mkunja mbavu mkuu,
mdogo wako Teppei

*

Nyumba ya pamoja, Septemba 11

Teppei,

Nyenje wameanguka, watoto wanawafagia. Hapa si vibaya.

Nimeisoma barua yako nikaiweka, nikaisoma tena. Sikutaka kujibu nikiwa juu wala nikiwa chini, nikasubiri siku ya kawaida, ikachelewa kuja. Leo ni ya kawaida.

Naogopa. Waliona mkono wa mwaka jana. Kila atakayepita langoni atalinganisha, na mimi ndiye nitakayelinganisha kuliko wote. Ule ulikuwa mkono wangu, na ulikuwa wa ugonjwa, na sijui kama nilikuwa na mwingine.

Nitakuja Ijumaa kabla ya sikukuu, kwa treni ya asubuhi. Pasiwe na watu dukani. Baba asiseme kitu cha busara. Wewe usiseme kitu.

Dada yako,
Chizuru

*

Dukani, Novemba 3

Dada,

Baridi imeanza kung'ata na miti iliyokauka, yaani mwenyekiti na mkewe, imevaa makoti. Uliondoka asubuhi baada ya sikukuu kwa treni ya kwanza, uso umefungwa kama duka Jumatatu, na tangu hapo kimya. Basi nakuletea habari za kandili lako.

Liko langoni bado, halijararuka. Upepo wa bahari unalichezesha mchana kutwa. Kingo za herufi zina mawimbi, sitakudanganya, na ule mkia wa mwisho wino umekimbilia chini kidogo. Mwenyekiti alisimama chini yake muda mrefu, akatamka, “Lina uhai,” kisha akatazama pembeni kuona kama kuna aliyeandika maneno yake. Kajitani amekuja na mkewe. Amerudi, ndiyo. Mkewe ndiye aliyesema kandili la kabatini ni la ukweli, kwa nini afiche, na sasa limetundikwa juu ya kiti cha kung'olea meno. Kajitani nilimuuliza la lango.

“Katikati,” akasema.

Halafu akarudi hatua chache. “Hapana. Andika: nzuri.”

Sikuwa na kalamu.

Baba hupita langoni kila asubuhi sasa, anasema ni njia ya mkato. Unajua lango liko wapi na soko liko wapi.

Mimi nilinyamaza siku zote tatu ulipokuwa hapa, kama ulivyoagiza, na bado najisikia mgonjwa kwa sababu hiyo. Nilikuona umeegemeza kiwiko kwenye goti, unavuta pumzi, unasubiri mkono ufike mahali pake, kisha unashusha. Ulipomaliza hukutazama. Uliosha brashi. Sikuweza kusoma chochote usoni mwako, na kusoma kwenyewe unajua si fani yangu.

Kwa hiyo nauliza. Swali ni lilelile.

Mdogo wako,
Teppei

*

Nyumba ya pamoja, Novemba 14

Teppei,

Wiki hii ilikuwa mbaya. Asubuhi mbili sikwenda kufua, nililala na pazia limefungwa, na mwanamke wa chumba cha pili aliniachia chai mlangoni ikapoa. Mkono unatetemeka. Kandili si zuri kama yale ya mwaka jana. Mimi najua, na wewe unajua, na baba anajua, ndiyo maana anapita pale.

Jana nilitoka. Nilikula mezani na wenzangu, na wali ulikuwa na ladha ya wali.

Nimebakiza tonge. Pakua.

Dada yako